Alama Nne Sakafuni

Binti wa chuo aliponyanyua macho kutoka kwenye fomu yake, hakunitazama mimi. Alitazama sakafu.

Anafanya utafiti kuhusu watu walioibiwa, na nilimpokea shingo upande. Mimi fundi wa nguo, sina muda wa maswali. Polisi walishauliza: wezi walikuwa wangapi, wamechukua nini? Simu na mkasi, nikawajibu, wakafunga daftari.

"Mama, zile alama nne chini ya dirisha ni za nini?"

Ni za miguu ya cherehani. Miaka kumi na tisa nimeshonea pale penye mwanga, mlango ukiwa mgongoni. Tangu wezi waingie humu, nimeihamishia kwenye kona ile yenye giza.

"Na hapo unaona vizuri?"

"Naona mlango," nikasema, nikageuka kuutazama.

Hakunirushia pole ya haraka. Kwenye nafasi ya madhara aliandika taratibu: *Anashona gizani.* Akanigeuzia karatasi nione kama amepatia.

Miezi minane najiita mwoga. Kumbe mwanga wangu nao uliibwa, na una mahali pake kwenye fomu.

"Umepatia, mwanangu. Ahsante." Nikafuta macho kwa kitambaa cha mteja, Mungu anisamehe. "Sasa weka kalamu chini. Shika cherehani upande huo, mimi nashika huu. Ni nzito, usijivunje mgongo."

Miguu minne ikatua kwenye alama zake. Nikaketi, mlango nyuma yangu, nikatia uzi kwenye sindano mara moja tu, ukapita.