Busu la Meneja

Meneja wa duka la viatu alijipangusa midomo kwa leso, kisha akamwambia muuguzi kwamba kuna mwanamke amemwambukiza ugonjwa.

"Tulibusiana tu," alisema. "Ni mfanyakazi wangu. Wasichana wa siku hizi hawaaminiki, dada. Nipime kila kitu, hata Ukimwi."

Muuguzi aliwajua wanaume wa aina hii. Huingia wananukia manukato, woga umewajaa, na lawama zote wameshamtwika mtu ambaye hayupo.

"Ukimwi hauambukizwi kwa busu," alimjibu. "Hebu toa hiyo leso mdomoni."

Kwenye pembe ya mdomo palikuwa na vilengelenge vidogo vilivyopasuka na kuanza kufanya gamba la manjano.

"Vilitoka lini hivi?"

"Jumatatu."

"Na mlibusiana lini?"

"Alhamisi iliyofuata."

"Basi kama kuna aliyeambukizwa, ni yeye," muuguzi alisema, wala hakujisumbua kuficha dharau. "Hayo ni malengelenge ya mdomo, nawe ulikuwa unayaona kwenye kioo. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo huo huo. Nyumbani unaishi na nani?"

"Mke wangu. Amejifungua juzijuzi. Mtoto ana siku kumi na mbili."

Kalamu ya muuguzi ilisimama.

"Kwa mtoto mchanga ugonjwa huu unaweza kuua. Umembusu?"

Meneja aliikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kila asubuhi," alisema. "Leo amekataa kunyonya."