Mlezi wa Arobaini

Mume wa Zuwena alimleta mlezi asubuhi, amkande mkewe na kumwangalia mtoto mpaka arobaini itimie. Aliitwa Mwatime, mwanamke mchangamfu.

“Mzazi, mbona umejikunja kama jongoo? Kaa vizuri nikukande!”

Zuwena alicheka, taulo la maji ya moto likimtuliza kiuno. “Na wewe una watoto, dada?”

“Sina. Mungu hajanijalia.”

Mtoto akalia chumba cha pili. Mikono ya Mwatime ikasimama. Kifuani, blauzi yake ikaanza kulowa maziwa, miduara miwili ikitanuka taratibu.

“Tulia tu, mzazi,” alisema akiinuka. “Nitamnyamazisha mimi.”

Zuwena alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Alisikia komeo la chumba cha pili likiingia kwa ndani. Kilio kikakatika, ikabaki sauti ya mtoto anayenyonya.