Chiriku Aliyeisifu Bahari

Alikuwapo Chiriku mwenye ulimi mtamu. Nyangumi alimlisha bure ili awashawishi wanyama kupanda mgongoni kwake na kutalii baharini.

"Huko ni peponi, bibi!" alimwambia Kobe, ambaye hakuwahi kuiacha nchi kavu.

"Basi tufuatane, mjukuu wangu."

Chiriku akaona haya kukataa, wakapanda mgongoni kwa Nyangumi. Pwani ilipotoweka, akajibanza chini ya gamba la Kobe.

"Kumbe nawe hujapata kufika huku?"

"Mimi husifu nikiwa ufukweni, bibi."

Kobe hakumkemea. Pande zote maji yalikutana na mbingu, na pomboo waliruka kundi zima kwa pamoja. Machozi yakamtoka.

"Toa kichwa uone," alinong'ona. "Umesifu sana, lakini hukufikia hata nusu."