Chumba cha Mbele

"Mama, chukua jiko la nje. Tumeligeuza chumba, bei nafuu, kivuli cha mizabibu mpaka mlangoni," alisema kijana mwenye nyumba, pale kijijini Badacsony, kando ya ziwa.

Etelka alitabasamu. Kila kiangazi cha utoto wake alilala katika jiko hilo, wazazi wake wakiwapangishia wageni chumba chake.

"Nipe cha mbele."

"Dirisha lake halifunguki, nakwambia mapema. Limenishinda."

Etelka akainua komeo, akasukuma kona ya chini kwa goti. Dirisha likafunguka.

"Umejuaje?"

Etelka akainama nje. Ziwa Balaton lilikuwa kijani kibichi, limejaa matanga. Kutoka hapa alikuwa amezoea kuliona majira ya baridi tu, likiwa barafu.

"Ulisema utakaa siku mbili, sivyo?" kijana akauliza.

"Nilikuwa nimesema hivyo," akajibu Etelka, akivua viatu.