Majibu ya Hadubini

Kaburi lilikuwa fupi mno, hata Tembo, mchimbaji, alilimaliza kabla jasho halijamtoka.

Suleiman alisimama ukingoni, amejifunika shuka mabegani ingawa jua la Bodo lilikuwa kali. Alingoja machozi. Hayakuja. Tangu operesheni, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Akiambiwa kula anakula, akiambiwa kaa anakaa. Nyumbani, mkewe Mwanapili alikuwa ameifunika cherehani ya mumewe kwa kanga.

"Hapana swala hapa," alisema Sharif, shemeji yake, ambaye ndiye imamu wa kijiji. "Twazika kwa heshima, basi. Mwenyezi Mungu atakulipa subira yako."

Akashuka, akakipokea kifurushi cheupe cha sanda, akakilaza taratibu.

Kilichomla Suleiman ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekubali. Daktari wa kliniki moja kule Diani, mtu wa haraka, majibu yake yako tayari mdomoni, aliupapasa ule uvimbe wa kwapani, akachungulia kipande chake kwenye hadubini, akasema ni saratani ya neva. Kungoja mtaalamu wa Mombasa atoe neno ni kuchezea roho. Suleiman akasema, "Haya, fanyeni." Tangu hapo alikuwa na dua moja tu, dua ya aibu asiyoweza kumwambia hata Sharif: Yarabi, na iwe saratani kweli.

Simu ikalia. Tembo akamtolea mfukoni, akamwekea sikioni.

"Shikamoo, baba. Ni daktari Fauzia, wa maabara Mombasa."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimemaliza kuvitazama vile vioo vya uvimbe vilivyoletwa toka Diani. Mwanzo nilitishika, sikufichi. Seli kubwakubwa, viini vyeusi vimekunjamana. Lakini nimetafuta kioo kizima, sikuona hata moja inayogawanyika. Mahali zimejipanga safu safu, mahali zimelegea ovyo. Huu ni uvimbe wa ala ya neva, yaani ganda lake, baba, ile aina kongwe. Umekaa miaka mingi mpaka seli zikazeeka, zikawa na sura mbaya. Ni sura tu. Si saratani. Unamenywa peke yake, neva inabaki salama."

"Alhamdulillahi," alijibu Suleiman, maana ndivyo mtu anavyojibu. Akapiga hatua moja kuelekea shimoni. Tembo akamshika kiunoni, simu bado kaibana sikioni pake.

Sharif alianza kufukia. Mchanga ukaanguka juu ya sanda.

"Mgonjwa yuko karibu?" Fauzia aliuliza kwa furaha. "Nataka aisikie habari hii kwa kinywa changu."

"Ndimi, mwanangu," alisema Suleiman, na kule chini ya mchanga vidole vya mkono wake wa kulia vikaanza kumwasha.