Bibi wa Kale wa Kisiwani

Simu ya Bonifasia ililia ndani ya chungu cha mababu.

"We zima hiyo!" Othmar alifoka kwa sauti ya chini, huku akichungulia mlangoni. "Watalii wanashuka kwenye boti, halafu mababu wanapigiwa simu?"

Bonifasia akatumbukiza mkono chunguni, akaizima, akakifunika. Othmar, mwongoza wageni wa kituo cha utamaduni, akakaza ngozi ya mbuzi aliyojifunga juu ya bukta, akatoka mbio kwenda kuwapokea.

Kituo chenyewe kilikuwa hakijafunguliwa. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kesho yake. Lakini bosi Nicholaus alishasema kwamba leo wanatangulia watalii wa kwanza, Wamarekani weusi wanaokuja kutazama asili yao hapa kisiwani. Wakiondoka wamefurahi, Bonifasia anaajiriwa moja kwa moja kuwa Bibi wa Kale. Akiharibu, nafasi ni ya Yuliana.

Na Yuliana hakuwa mbali. Tangu asubuhi alikuwa amekaa pale nje kwenye gogo, kaniki ameshavaa, kibuyu mapajani, anasubiri mwenzake ateleze.

"Kiswahili marufuku," bosi alikuwa amesema. "Bibi wa Kale hajui Kiswahili. Likikutoka neno moja tu, dada yangu, unapanda boti unarudi Mbamba Bay."

Kule Mbamba Bay Bonifasia alikuwa anaishi kwa wifi yake, Lidia, ambaye kila akimpakulia chakula alikuwa anahema kama amebeba gunia la kahawa. Hapa kisiwani Bibi wa Kale anapewa chumba. Cha kwake peke yake, kina mlango, na mlango una kufuli. Bonifasia alishakwenda kukichungulia mara kadhaa.

Watalii wakaingia. Kofia pana, miwani myeusi, bukta, kila mmoja na chupa yake ya maji. Othmar akawamiminia Kiingereza. Wao kila kitu wakajibu "yesi."

Akawaonyesha jiwe la kusagia, akasema lina miaka mia nne. Lilikuwa la mama mkwe wa Nicholaus, na alishatuma ujumbe kwamba Jumapili analitaka jiwe lake. Akawapeleka kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo wa kule Mbinga wanayachimba kwenye miteremko ya milima. Haya ya kituo yalichimbwa kwenye mchanga wa ufukweni. Yalikuwa yamejaa maji ya ziwa, na bata walikuwa wanaogelea humo. Watalii wakawapiga picha bata.

"Waaao," wakasema.

Halafu wakarudi kumwangalia Bibi wa Kale.

Bonifasia akashika mchi, akaanza kutwanga huku akiongea Kimatengo, kama alivyoagizwa. Aongee nini, hakuna aliyemwambia. Basi akaona amseme Lidia. Akaeleza jinsi anavyoficha mboga chini ya kitanda, halafu paka anaila, halafu anasingiziwa mgeni.

Othmar akainamisha kichwa, akawatafsiria Wamarekani kwamba bibi anaomba mvua kwa mababu.

Mtalii mmoja mrefu alikuwa ameshaanza kucheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akajikohoza, akairudisha.

Yaani hata maombi ya watu yanawachekesha, Bonifasia akawaza. Akatwanga kwa hasira.

Chakula kikaja, ugali na dagaa. Yule mrefu akanawa, akafinyanga tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akazoa dagaa na vichwa vyao. Akanyoosha sahani aongezewe.

"Unaiona hiyo damu?" Othmar akamnong'oneza Bonifasia, machozi yanamlengalenga. "Kakulia Amerika huko, lakini mkono umekumbuka."

Ngoma ikalia ufukweni. Othmar akawatoa watalii wote kwenda kucheza. Akabaki yule mrefu, anataka picha ya mwisho ya bibi na kinu chake.

Akainua kamera. Akarudi nyuma kidogo ili kinu kienee. Akarudi tena. Nyuma yake kulikuwa na mafiga, moto unawaka, chungu cha maji kinatokota.

Kimatengo Mmarekani angekijulia wapi, na Kiswahili marufuku; Bonifasia akauma ulimi. Akamwonyesha kwa mchi: kule, nyuma! Mtalii akafurahi, akadhani ndiyo utamaduni wenyewe, akarudi nyuma tena. Bonifasia akapiga kinu, akatikisa kichwa, akatoa macho. Jamaa akapiga picha ya macho.

Kisigino chake kilikuwa kimebakiza kidogo tu kugusa chungu. Bonifasia akakiona chumba, mlango, kufuli. Akamwona na huyu mtu anavyoungua mgongo mzima.

"Baba wewe! Moto nyuma yako!"

Mtalii akaruka pembeni. Chungu kikapinduka, maji yakamwagika pwaa pale pale alipokuwa amesimama.

"Kuna nini humo?" Yuliana aliuliza kutoka kwenye gogo, sauti imejaa matumaini. "Nimesikia Kiswahili, au masikio yangu?"

Bonifasia akapiga magoti. Akakutanisha viganja mbele ya mtalii. Maneno yalishamponza.

Mtalii akavua miwani. Akachungulia mlangoni, akaangalia huku na huku. Kisha akainama na kamera yake, kama mtu anayepiga picha ya karibu.

"Asante sana, mama, umeniokoa," akanong'ona kwa Kimatengo kilichonyooka. "Ila nakuomba usimwambie bosi Nicholaus kwamba nimekuelewa. Amesema Mmarekani yeyote akijulikana ametoka Mbinga, kesho harudi kazini."