Gari Jekundu la Korongo

Alikuwepo Pimbi mmoja mwoga, aliyetamani gari jekundu mpaka akaliota. Jirani yake Kicheche, mjuaji wa kila jambo, akamwonya, "Jekundu? Bima yake itakumaliza!" Pimbi asiulize popote, akanunua la kijivu. Lile jekundu likachukuliwa na Korongo, na kila lilipopita, Pimbi alilisindikiza kwa macho.

Siku moja uvumilivu ukamshinda.

"Ndugu Korongo, bima unaiwezaje?"

"Mbona nafuu! Nilizunguka kwa mawakala nikalinganisha bei. Waliuliza aina ya gari na kama nimewahi kugonga. Rangi hakuna aliyeiuliza."

"Basi niuzie!"

"Hili? Siliuzi ng'o, ndugu yangu."

Korongo akaondoka. Pimbi akabaki kando ya njia akilitazama mpaka likapotea, roho ikimwuma kwa swali ambalo hakuliuliza kabla ya kununua la kijivu.